Unga wa bakteria kwenye chemba ya mafuta: je, nitaacha kuzoa?

Swali: "Nina mkahawa Majengo, Mombasa. Kila siku tunakaanga samaki, viazi karai na bhajia, na mchana tunapika wali wa nazi. Vyombo tunaviosha kwa maji ya kisima kwa kuwa ya mfereji hayaaminiki. Maji ya jikoni hupita kwenye chemba ya kunasa mafuta, ya lita kama 500, yakaingia kwenye tangi la maji taka, kisha kwenye shimo la kunywea, ambamo ardhi huyafyonza. Bomba lililo kati ya chemba na tangi huziba mara kwa mara, na fundi akilizibua hutoa vipande vyeupe vigumu kama mawe. Muuzaji mmoja ameniletea unga wa bakteria, akanihakikishia kwamba nikitia gramu 100 kila usiku sitazoa tena mafuta wala kuita gari la kunyonya. Jirani yangu naye anasema nisipoteze pesa, nitie hamira. Nimfuate nani?"

Jibu:

Ndugu msomaji, muuzaji wako amesema jambo moja la kweli, kisha akalijengea ahadi isiyo ya kweli. Ni kweli kwamba wapo bakteria wanaokula mafuta ya kupikia mpaka yasibaki ila hewa ukaa, maji na miili ya bakteria wenyewe. Hilo halina ubishi, na mitambo ya kusafisha maji taka ya machinjio, ya viwanda vya maziwa na ya viwanda vya mafuta ya kula hutegemea kazi hiyo. Si kweli kwamba watafanya hivyo ndani ya chemba yako kama ilivyo sasa. Na vile vipande vyeupe, ambavyo umevitaja kana kwamba ni jambo la pembeni, kwa maoni yangu ndivyo vinavyobeba jibu, kwa sababu vinaonyesha kwamba mafuta yako tayari yanavunjwa, ila kazi inaishia njiani.

Mafuta ya kupikia, yawe ya mawese, ya nazi au ya alizeti, yameundwa kwa molekuli ambazo kila moja ina gliseroli iliyoshikilia minyororo mitatu ya asidi za mafuta. Molekuli hiyo ni kubwa mno kupenya kwenye mwili wa bakteria. Kwa hiyo bakteria hutoa nje kimeng'enya kiitwacho lipasi, nacho huikata ile minyororo mitatu ikabaki huru majini. Hiyo ni hatua ya kwanza, na haihitaji oksijeni hata kidogo. Gliseroli huliwa upesi, maana huyeyuka majini na ni chakula chepesi. Kazi iko kwenye asidi za mafuta. Bakteria huziingiza mwilini na kuzipunguza kaboni mbili mbili kila zamu, hata mnyororo wa kaboni 16, kama ule wa asidi ya palmitiki iliyojaa kwenye mafuta ya mawese, hukatwa mara 7 ukatoa vipande 8, na kila kipande huchomwa ndani ya seli ili kutoa nguvu. Hatua hii ya pili ndiyo inayoyamaliza mafuta, na ndiyo inayodai oksijeni kwa wingi.

Wingi huo unaweza kuupigia hesabu wewe mwenyewe. Gramu 1 ya mafuta ikichomwa yote huhitaji takriban gramu 2.9 za oksijeni, ilhali gramu 1 ya wanga hutosheka na gramu 1.2 hivi. Maji yenye joto la nyuzi 28, yakiwa yameshiba hewa kadiri yanavyoweza, hubeba chini kidogo ya miligramu 8 za oksijeni katika kila lita. Chemba yako ya lita 500, hata ingejazwa maji yaliyoshiba hewa kabisa, ingekuwa na gramu 4 tu za oksijeni, nazo zingetosha kumaliza mafuta yasiyofika gramu moja na nusu, yaani kama theluthi ya kijiko cha chai. Tuseme jiko lako linapoteza kilo 1 ya mafuta kwa siku, jambo ambalo si ajabu kwa mkahawa unaokaanga kutwa: bakteria wangehitaji oksijeni iliyomo katika zaidi ya lita 350,000 za maji. Na hapo bado hatujataja kwamba juu ya chemba umetanda utando wa mafuta unaozuia hewa isiingie, wala kwamba wanga wa wali na protini ya samaki nazo zinaigombania oksijeni hiyohiyo.

Utaniuliza kama hakuna bakteria wanaofanya kazi pasipo hewa. Wapo, nao pamoja na viumbe wenzao ndio wanaotengeneza biogesi, na kwa kweli wanayapenda mafuta: kilo 1 ikivunjwa yote inaweza kutoa karibu mita moja ya ujazo ya methani, zaidi ya mara mbili ya ile itokayo kwenye kilo ya wanga. Lakini viumbe hao huongezeka polepole, kwa siku na si kwa dakika, na asidi za mafuta zikirundikana huwagandia na kuwadumaza, huku tope lililolowa mafuta likielea na kutoka pamoja na maji. Mtambo wa biogesi unaopokea mafuta hulishwa kidogo kidogo, hukorogwa, na huachwa na chakula chake kwa wiki kadhaa. Katika chemba yako, sinki zikiwa zimefunguliwa wakati wa kuosha vyombo vya mchana na kutoa, kwa mfano, lita 20 kwa dakika, maji hukaa dakika 25 tu kabla ya kusukumwa nje.

Sasa tuje kwenye hizo gramu 100 za kila usiku. Unga wa namna hii kwa kawaida huwa na bakteria wa jamii ya Bacillus, hasa Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis, kwa sababu ambayo ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kitaalamu: bakteria hao hujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu, wakakaa kavu kwenye mkebe kwa miaka bila kufa. Bidhaa nzuri huandika kwenye mkebe idadi ya bakteria hai kwa kila gramu, na tuchukulie ya kwako ina bilioni 1. Gramu 100 ni bakteria bilioni 100, idadi inayotisha kuitaja. Lakini maji taka yanayotoka jikoni, yakiwa yamekaa kwenye chemba, si ajabu kuyakuta na bakteria milioni 10 katika kila mililita, na katika lita 500 hiyo ni trilioni 5. Kwa hiyo kila mgeni mmoja unayemwaga anakuta wenyeji 50 ambao tayari wamezoea mahali hapo, na miongoni mwao wamo wenye lipasi. Wakipata mazingira mazuri hawahitaji msaada, na wasipoyapata, mgeni naye hataweza.

Hata katika mafuta ya aina nyingine kabisa somo limekuwa hilohilo. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi kwenye pwani ya Alaska mwaka 1989, kazi kubwa ya kibiolojia iliyofanywa kwenye fukwe ilikuwa kunyunyiza mbolea yenye nitrojeni na fosforasi, ili bakteria waliokuwepo tayari wapate kile walichokosa. Kule hewa ilikuwepo ya kutosha na virutubishi vilikuwa haba; kwako virutubishi vipo, maana samaki hutoa nitrojeni, na kilichokosekana ni hewa. Nikiwa hapo niseme pia kwamba mafuta ya injini na dizeli si chakula cha lipasi, hayana ile minyororo mitatu, basi asikuletee mtu ya gereji akayamwaga kwenye chemba yako kwa hoja kwamba kuna bakteria ndani.

Kuna kikwazo cha pili, nacho ni uchachu. Punje za wali, ungaunga wa bhajia na vipande vya viazi vinavyopita kwenye sinki huchacha chini ya chemba na kutoa asidi, hata kipimo cha pH ambacho bakteria wa mafuta wangependa kiwe kati ya 6 na 8.5 kikashuka hadi 5 au 4. Lipasi nyingi za bakteria hulegea hapo, na viumbe wanaotengeneza methani husimama kabisa. Harufu unayoisikia ukifungua kifuniko hutokana kwa sehemu kubwa na uchachu huo pamoja na hewa ya yai viza. Hiyo ya yai viza usiifanyie mzaha: ikizidi hulemaza pua yenyewe, mtu akadhani imekwisha kumbe imeongezeka, kwa hiyo asiingie mtu ndani ya chemba wala tangi kichwa chini ili kuzoa, hata kwa dakika moja, na hata kama ni fundi mzoefu.

Nirudi kwenye vile vipande vyeupe. Nina hakika ya kutosha kwamba si mafuta yaliyoganda kwa baridi, maana Mombasa bomba lililofukiwa haliwi na baridi ya kugandisha mafuta ya maji, na hata mafuta ya nazi yanayoganda kwenye nyuzi 24 hivi hubaki laini muda mwingi wa mwaka. Chukua kipande kimoja ukikwaruze kwa kisu: mafuta ya mgando yataacha ulaini kwenye kidole na kuyeyuka ukiyaweka kwenye kikaango, lakini hiki kitavunjika na kumeng'enyuka kama chokaa, na kwenye kikaango kitafuka moshi kabla hakijayeyuka vizuri. Hiyo ni sabuni, ila ni sabuni ya kalisi (madini yaliyomo kwenye chokaa), isiyoyeyuka majini. Asidi za mafuta zilizokwisha kutengwa na gliseroli zinapokutana na kalisi hushikamana nayo na kuwa kitu kigumu kinachonata kwenye ukuta wa bomba. Ni jambo lilelile mnaloliona mkifulia kwa maji ya kisima, povu likakataa kutoka na badala yake pakatanda utando mweupe kwenye beseni.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani, katika kundi la Joel Ducoste, walionyesha mwaka 2011 kwamba magamba yanayoziba mabomba ya maji taka hujijenga kwa njia hii, na kwamba asidi ya palmitiki huwa na sehemu kubwa ndani yake. Lile bonge lililopatikana chini ya mtaa wa Whitechapel, London, mwaka 2017, lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, lilikuwa la ukoo huu, pamoja na vitambaa vya kupangusia watoto vilivyolishikilia. Kwa London kalisi hutoka kwenye maji yao magumu na kwenye saruji. Kwako hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kisima chako kimechimbwa katika jiwe la matumbawe ambalo lenyewe limejaa kalisi, chemba yako bila shaka ni ya saruji inayoliwa na uchachu na kutoa kalisi zaidi, mafuta mengi tunayokaangia Afrika Mashariki ni ya mawese ambayo asidi ya palmitiki hufikia zaidi ya asilimia 40, na mafuta yaliyokaangiwa samaki mara nyingi huwa tayari yana asidi huru kwa sababu maji ya samaki na moto huyavunja kwenye karai. Sidhani kama mtu anayetaka kubuni kiwanda cha kutengeneza mawe hayo angepata malighafi bora kuliko hizo.

Sasa fikiri unga utafanya nini humo. Usiku, sinki zikiwa zimefungwa na maji yametulia, sehemu ya spora huamka, zikatoa lipasi, na lipasi ikafanya hatua ya kwanza ambayo haihitaji hewa. Asubuhi utafungua kifuniko na kukuta utando wa juu umepungua na kulainika, nawe utamshukuru muuzaji. Lakini hatua ya pili haijafanyika kwa sababu oksijeni hakuna, na zile asidi huru, zikisukumwa na maji ya asubuhi, zinaingia kwenye bomba zikiwa tayari kushikana na kalisi. Mafuta mazima yaliyoelea yalikuwa yanazoleka kwa kata. Yaliyovunjwa nusu hayazoleki. Ndiyo maana miji mingi ya Marekani hairuhusu wenye mikahawa kutumia vimeng'enya au bakteria badala ya kuzoa chemba zao. Hata hapa Kenya, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka ukomo wa mafuta yanayoingia kwenye bomba la umma kuwa miligramu 10 kwa lita, na 5 tu pale ambapo maji husafishwa kwa mabwawa, kwa kuwa bwawa hutegemea mwanga na hewa ya juu, navyo huzibwa na utando wa mafuta. Wewe huna bomba la umma, lakini shimo lako la kunywea ni jepesi kuziba kuliko bwawa lolote.

Tena si kila mkebe ulioandikwa "bakteria" una kazi ya bakteria. Baadhi huchanganywa na sabuni kali inayoyavunja mafuta kuwa vitone vidogo vinavyosafiri na maji, na hiyo ndiyo inayotoa yale matokeo ya haraka. Jaribio lake ni jepesi: tia maji ya kisima na vijiko viwili vya mafuta kwenye chupa ya plastiki, ongeza kijiko cha unga, tikisa kwa nguvu, kisha weka kando ya chupa ya pili yenye maji na mafuta bila unga. Mafuta ya chupa ya kwanza yakibaki kama maziwa baada ya nusu saa wakati ya pili yamekwisha kujitenga, kuna sabuni humo, kwa sababu hakuna bakteria duniani anayekula vijiko viwili vya mafuta kwa nusu saa. Muuzaji muulize pia jina la bakteria na idadi yao kwa gramu. Mkebe usiotaja jina siupendi, maana miongoni mwa bakteria hodari wa mafuta wamo wa jamii ya Pseudomonas, na mmoja wao, Pseudomonas aeruginosa, huambukiza vidonda na mapafu ya watu dhaifu. Si kiumbe cha kumwaga kwa mkono mtupu karibu na chakula.

Basi ufanye nini? Kwanza uikubali chemba kwa kazi yake. Ilijengwa ili kunasa mafuta yakiwa mazima, si kuyayeyusha, na kila unachokifanya kuyasaidia yaelee na yabaki mazima ni faida kwako. Karai na sahani zipanguswe kwa karatasi au mkate mkavu kabla ya kuguswa na maji. Mafuta ya karai yaliyochoka yasimiminwe kwenye sinki hata tone, bali yawekwe kwenye dumu, kwa kuwa wapo wanaoyanunua kwa ajili ya kutengeneza dizeli ya mimea. Maji ya moto ya kuoshea yasiwe ya kuchemka, kwani huyafanya mafuta yapite chemba yakiwa maji na kuja kutulia mbele. Maji ya choo yasipitie kwenye chemba hii.

Ujue lini uzoe kwa kupima, si kwa kunusa. Pata bomba la plastiki linalopenyeza mwanga, lishushe polepole hadi sakafuni huku likiwa wazi juu, ziba tundu la juu kwa kidole gumba, ulivute. Utaona tabaka tatu zimesimama ndani yake: ya juu ya rangi ya siagi iliyochakaa, ya kati ya maji ya kijivu, na ya chini nyeusi yenye punje za wali na magamba ya samaki. Ukijumlisha ya juu na ya chini zikawa robo ya kina chote, kwa mfano sentimita 20 katika chemba yenye kina cha sentimita 80, wakati wa kuzoa umefika, hata kama maji bado yanapita. Kwa mkahawa kama wako sitashangaa ikiwa ni kila wiki. Ukizoa, ondoa na tope la chini, maana hilo ndilo linalochacha, na wengi huliacha kwa kuwa halionekani.

Bomba lililokwisha kuota magamba halitasafishwa na bakteria wa aina yoyote kwa muda unaoweza kuuvumilia. Fundi alikwangue kwa waya au kwa mashine ya maji ya nguvu, na kama bomba lina mwinuko hafifu au kona kali hapo ndipo pa kulirekebisha. Mimi pia ningeosha vyombo kwa maji ya mfereji au ya mvua kila yanapopatikana, nikaacha ya kisima kwa kudekia.

Baada ya hayo yote, bakteria wana nafasi yao, na wala si ndogo. Nafasi ya kwanza ni kwenye kuta za bomba lililokwisha kusafishwa. Bomba la maji taka huwa limejaa nusu au chini ya hapo, kwa hiyo utando mwembamba wa mafuta uliobaki ukutani unaguswa na hewa, na bakteria walioujengea makazi wanaweza kuufanyia hatua zote mbili. Dawa ya maji yenye bakteria hai, ikidondoshwa kidogo kidogo baada ya kufunga jikoni ili isisombwe, hupunguza kasi ya bomba kujaa. Lakini idondoshwe kwenye bomba linalotoka chembani, si kabla yake, na isikutane na dawa ya klorini. Wafanyakazi wakimwaga klorini sakafuni saa nne usiku na bakteria saa nne na robo, umelipia vyote viwili ili viangamizane.

Nafasi ya pili, ambayo ndiyo ninayoiamini zaidi, ni tangi la hewa baada ya chemba. Jiko linalotoa lita 2,000 kwa siku, likiwa na chemba inayozolewa vizuri, bado litapeleka mbele mafuta kidogo, labda miligramu 200 katika kila lita, pamoja na wanga na protini. Hayo yanaweza kumalizwa katika tangi la lita 2,000 lenye pampu ya hewa inayotoa mapovu sakafuni mchana na usiku, kwa kuwa maji yatakaa humo siku nzima na oksijeni itakuwepo. Mahitaji yake ni kama kilo 2 hadi 3 za oksijeni kwa siku, na kwa pampu ndogo katika maji machafu ningetenga yuniti 3 hadi 5 za stima. Tangi la namna hiyo halihitaji unga wa kila usiku. Huanzishwa kwa ndoo kadhaa za tope hai kutoka kwenye mtambo wa kusafisha maji taka unaofanya kazi vizuri, ambalo lina bakteria wa kila aina. Baada ya wiki chache wanaofaa kwa mafuta yako watakuwa wamejichagua wenyewe. Tope litaongezeka, kwa hiyo gari la kunyonya utaliita bado, ila mara chache zaidi. Ninaloomba ni kwamba usianze na tangi hili kabla ya kurekebisha chemba, kwa sababu ukimwagia kilo nzima ya mafuta kila siku, stima itaongezeka sana, na mapovu yatageuka povu zito la kufurika uani.

Kama pesa ya tangi haipo kwa sasa, kuzoa kila wiki na kupangusa sahani kutakupa sehemu kubwa ya faida, na kwa ukweli ningeridhika na hayo.

Imebaki hamira. Hamira ya mkate ni chachu inayoishi kwa sukari, ikatoa kileo na hewa ukaa; mafuta haiyali kwa kiasi chochote cha kukufaa. Wapo ndugu zake wanaoyala kweli, kama Yarrowia lipolytica, lakini hao hawauzwi dukani. Hamira ndani ya chemba yako itapata sukari ya juisi na wanga uliokwisha kuvunjika, itachachusha zaidi, na mapovu yake yatanyanyua tope la chini hadi kwenye bomba la kutokea. Badala yake nunua karatasi za kupimia pH, uzitumbukize kwenye chemba asubuhi kabla ya sinki ya kwanza kufunguliwa. Ukisoma chini ya 5, punje za wali zinapita kwenye vichujio vya sinki, na hivyo vichujio ndivyo vya kubadilisha wiki hii.